Jaribio la kiolesura likifeli, nani atakwambia ukweli? Njia tatu za kupima programu za wasanidi, bega kwa bega

Swali hili nakutana nalo sana kutoka kwa vijana wanaosanidi programu hapa Dodoma, wa CIVE, ndaki ya kompyuta pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na hata walioajiriwa kwenye vitengo vya TEHAMA kule Mtumba, Mji wa Serikali: nina programu-jalizi (nyongeza) ya Eclipse, ile programu ya kuandikia msimbo, au zana ya kuandikia msimbo inayokaa kwenye kompyuta, nataka majaribio yabofye vitufe yenyewe, nitumie nini? Anayeuliza huwa ameshatazama video mbili tatu. Kila video inaonyesha jaribio likipita na rangi ya kijani ikiwaka, na kila zana inaonekana nzuri.

Jaribio likipita, zana zote zinafanana. Tofauti huja kuonekana siku limefeli saa mbili usiku, kesho asubuhi unatakiwa kuonyesha kazi kwa msimamizi wako, na hujui kosa ni la programu, la jaribio lenyewe, au la mashine. Kwa hiyo nimelinganisha njia hizi kwa kuangalia zaidi zinavyofeli. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona vikundi vizuri vikiacha kabisa majaribio ya kiotomatiki, ilhali shida yao ilikuwa kwamba zana waliyochagua haikuwaeleza chochote cha maana ilipofeli.

Njia zenyewe ni tatu. Ya kwanza inatazama skrini kama picha: SikuliX na PyAutoGUI ziko hapa. Ya pili inauliza mfumo endeshi una vitu gani kwenye dirisha: pywinauto, FlaUI na WinAppDriver kwa upande wa Windows. Ya tatu inaingia ndani ya programu yenyewe na kuongea na vitufe vyake kwa ndani: SWTBot kwa Eclipse, Remote Robot kwa IntelliJ, ExTester kwa VS Code, ambazo zote tatu ni programu za kuandikia msimbo (IDE).

Vigezo

Nitaipima kila njia kwa mambo matano. Jaribio likifeli linasema nini, na unaanzia wapi kutafuta chanzo. Linategemea nini kwenye mashine: skrini, lugha, haki za mtumiaji. Gharama ya kuanza, kwa maana ya bando, kumbukumbu ya kompyuta na ujuzi. Matunzo, yaani utarekebisha kiasi gani programu inapobadilika. Mwisho, linamfaa nani.

Kwanza ondoa makosa yasiyo ya zana

Kabla hujabadilisha zana, hakikisha mashine yenyewe iko sawa. Kuna mambo yanayoangusha njia zote tatu, au angalau mbili kati yake, na mengi hayaandiki ujumbe unaoeleweka.

La kwanza ni skrini kutokuwa hai. Ukiendesha majaribio kwenye kompyuta ya mbali kupitia Remote Desktop kisha ukafunga dirisha la muunganisho, eneokazi la kule linafungwa. Kipanya hakina pa kubofya na picha ya skrini inatoka nyeusi. Kulipunguza dirisha hilo hadi chini nako kunaweza kuleta shida ileile. Dawa ni kurudisha kikao kwenye skrini ya mashine yenyewe kwa amri ya `tscon` kabla ya kuondoka, au kuacha dirisha wazi hadi majaribio yaishe.

La pili ni kuendesha majaribio kama huduma ya Windows. Tangu Windows Vista, huduma zinakaa kwenye kikao namba 0, ambacho hakina eneokazi la mtumiaji. Wakala wa Jenkins, zana inayojenga na kupima miradi yenyewe, aliyesanikishwa kama huduma atajenga mradi vizuri kabisa, kisha majaribio ya kiolesura yafeli yote kwa mpigo. Ukiona yamefeli yote kwa pamoja bila kubagua, anza kushuku hapo. Mwanzishe wakala huyo ndani ya akaunti ya mtumiaji aliyeingia kwenye mashine.

La tatu ni haki. Programu ikifunguliwa kama msimamizi, na jaribio likawa linaendeshwa na mtumiaji wa kawaida, Windows inazuia mibofyo ya jaribio isiifikie programu. Mara nyingi hupati kosa lolote. Kitufe kinabaki kimya tu. Vyote viwili viendeshwe kwa ngazi moja ya haki.

Kwenye Linux isiyo na skrini watu hutumia `xvfb-run`, na ni sawa. Kinachosahaulika ni kwamba skrini hiyo ya kubuni haina kisimamizi cha madirisha, hivyo dirisha linaweza kufunguka lisipewe umakini wa kibodi, na maandishi unayochapa yakapotelea hewani. Anzisha kisimamizi chepesi kama Openbox ndani yake na sehemu kubwa ya kero hiyo itaondoka.

Halafu kuna umeme. Chukua jaribio linalofungua kidirisha cha mradi mpya wa Java ndani ya Eclipse: linajaza jina, linabofya Finish, linasubiri kidirisha kifungwe. Umeme ukiwepo linapita. Umeme ukikatika, laptopu inahamia kwenye betri na Windows inashusha kasi ya prosesa ili chaji idumu. Eclipse inachelewa kujenga mradi, na SWTBot, ambayo isipoelekezwa vingine husubiri milisekunde 5000 tu, inakata tamaa. Ujumbe utakwambia dirisha halikufungwa. Utarudi kwenye msimbo wako kutafuta kosa ambalo halipo, kwa sababu hakuna mstari hata mmoja uliobadilika.

Unalijuaje? Mwanzoni mwa kila mzunguko wa majaribio andika kwenye logi kama mashine iko kwenye umeme au betri. Kwa Python, maktaba ya psutil inakupa habari hiyo kwa mstari mmoja. Kisha ongeza muda wa kusubiri. Kwa SWTBot unapitisha `-Dorg.eclipse.swtbot.search.timeout=20000` na hubadilishi msimbo. Muda mrefu wa kusubiri haucheleweshi jaribio linalopita, maana SWTBot inaendelea mara tu hali inayotakiwa ikitimia. Unachelewesha lile linalofeli tu.

Mwisho, vidirisha visivyoalikwa: ukurasa wa Welcome wa Eclipse, dokezo la siku, taarifa ya toleo jipya, swali la kuchagua eneo la kazi. Anza kila mzunguko na folda mpya ya kazi kwa kigezo cha `-data`, zima usasishaji, na funga Welcome kama hatua ya kwanza ya jaribio.

Ukishayasafisha hayo, ndipo ulinganisho una maana.

Njia ya kwanza: kutazama skrini kama picha

Sikuli ilianzia MIT mwaka 2009, na SikuliX ndiyo iliyoiendeleza. Unakata kipande cha picha cha kitufe, zana inakitafuta skrini nzima kwa msaada wa OpenCV, maktaba ya kuchambua picha, inabofya katikati yake. Ni sawa na kumtafuta mtu soko la Majengo kwa rangi ya shati: ukiliona shati umempata mara moja, akibadilisha umempoteza hata akiwa amesimama mbele yako.

*Likifeli linasema nini.* Machache. SikuliX inatoa FindFailed, kwamba picha haikupatikana, basi. Huenda kitufe kimefunikwa na dirisha jingine, huenda bado hakijafunguka, huenda mandhari yamegeuka kuwa ya giza, huenda mtu ameongeza ukubwa wa maandishi ya Windows kutoka asilimia 100 hadi 125. Ujumbe ni uleule kwa yote manne. Njia ya kutoka ni moja: kwenye kila kufeli hifadhi picha ya skrini nzima, kisha iweke pembeni ya kile kipande ulichokikata, zote kwa ukubwa halisi, uzitazame kwa macho. Mara nyingi jibu linaonekana papo hapo.

Kuna kishawishi cha kushusha kiwango cha kufanana. SikuliX huanza na 0.7, ambapo 1 ni kufanana kabisa. Ukishusha, jaribio litapita, lakini linaweza kuwa limebofya kitufe kingine, kwa kuwa vitufe vya kijivu vyenye herufi chache vinafanana sana. Kabla ya kushusha, tumia `highlight()`, inayochora fremu nyekundu kuzunguka kilichopatikana, uone kama ndicho. Wa PyAutoGUI wajue kwamba `locateOnScreen` hudai picha ilingane pikseli kwa pikseli, isipokuwa umeipa kigezo cha `confidence`, ambacho kinahitaji OpenCV iwe imesanikishwa. Na ukiona FailSafeException, kipanya kilifika kwenye kona ya skrini. Ni breki ya dharura iliyowekwa makusudi, usiizime.

*Linategemea nini.* Karibu kila kitu kinachoonekana. Kikundi cha wanafunzi wanne kitakuwa na laptopu yenye skrini ya 1366 kwa 768, nyingine ya 1920 kwa 1080, na kila mwenye laptopu na mandhari yake. Picha zilizokatwa kwenye moja zitafeli kwenye nyingine. Kubalianeni mashine moja pepe yenye rezolusheni moja na ukuzaji wa asilimia 100, picha zote zikatwe humo.

*Gharama ya kuanza.* Ndogo kuliko zote. Java na faili moja kwa SikuliX, au `pip install` kwa PyAutoGUI. Hata mwenye bando la siku ataanza leo.

*Matunzo.* Mazito. Toleo jipya la programu likibadilisha alama za vitufe, unakata picha upya.

*Linamfaa nani.* Anayepima vitu vilivyochorwa: mchoro, grafu, rangi za msimbo kwenye kihariri. Pia asiye na msimbo wa programu anayoipima. Na ipo sifa moja inayosahaulika watu wanapoidharau njia hii: inaona anachoona mtumiaji. Kitufe kikifunikwa, au maandishi yakitoka nje ya kidirisha kwa sababu tafsiri ni ndefu, picha itafeli, na itakuwa imefeli kwa haki.

Njia ya pili: kuuliza mfumo endeshi

Windows ina mti wa vipengele vyote vilivyo kwenye skrini, uliokusudiwa kwanza kwa visoma-skrini kama NVDA vinavyotumiwa na watu wasioona. Mfumo huo unaitwa UI Automation. Zana za majaribio zinaupanda mti huohuo: pywinauto kwa wa Python, FlaUI kwa wa .NET, WinAppDriver kwa waliozoea mtindo wa Selenium, zana ya kupima tovuti.

*Likifeli linasema nini.* Zaidi ya picha, na zaidi ya hapo unaweza kuhoji. Zana itasema kipengele chenye jina fulani hakikupatikana. Hatua inayofuata isiwe kubahatisha jina jingine. Fungua Inspect inayokuja na Windows SDK, au Accessibility Insights inayopatikana bure, weka kipanya juu ya kitufe chako na usome. Utapata moja ya majibu matatu.

Jibu la kwanza: kipengele kipo ila jina ni tofauti na ulilodhani. Hiyo ni dakika mbili. Jibu la pili: kipo, lakini hakina AutomationId (kitambulisho kisichobadilika na lugha), kwa hiyo ulikuwa unakitafuta kwa maandishi yake. Programu ikionyeshwa kwa Kiswahili kwenye mashine moja na kwa Kiingereza kwenye nyingine, jaribio litapita huku na kufeli kule. Mwombe msanidi akipe kitambulisho. Kwenye WinForms na WPF, teknolojia za Microsoft za kujengea madirisha, kwa kawaida inatosha kukipa kidhibiti jina kwenye msimbo. Jibu la tatu: Inspect inaona paneli moja kubwa tupu na hakuna kilicho ndani.

Hilo la tatu ndilo linalowatesa wanaopima zana za wasanidi, na inabidi ujue programu yako imejengwa kwa nini. Eclipse inatumia SWT, maktaba ya Java ya kujengea madirisha, ambayo huomba vitufe halisi vya Windows, hivyo sehemu kubwa inaonekana. IntelliJ na NetBeans zimejengwa kwa Swing, maktaba nyingine ya Java, inayojichorea yenyewe. Habari zake hupita kwenye Java Access Bridge, inayowashwa kwa `jabswitch -enable`, na hata ukiiwasha pywinauto na FlaUI haziisomi moja kwa moja. Kwa programu za Swing njia hii utaihangaikia bure. VS Code imejengwa juu ya Electron, mfumo wa kujengea programu za kompyuta kwa teknolojia za wavuti, na kivinjari cha Chromium kilichomo ndani yake haijengi mti huo mpaka ione kuna anayeuhitaji; ifungue kwa `--force-renderer-accessibility` ndipo vipengele vijitokeze.

Kwa wa pywinauto, kagua kwanza ulivyoianzisha. Isipoambiwa inatumia upande wa `win32`, ambao ni wa zamani na hauoni vipengele vya WPF. Iandikie `backend="uia"`, kisha `print_control_identifiers()` ikuorodheshee kila inachokiona. Nimeona watu wakibadilisha zana nzima kwa kukosa neno hilo moja.

WinAppDriver nayo ina tabia zake. Inasikiliza kwenye 127.0.0.1 mlango wa 4723, na inataka Windows iwe kwenye hali ya msanidi (Developer Mode). Programu ikitanguliza dirisha la ukaribisho kabla ya dirisha kuu, kama Eclipse inavyofanya, WinAppDriver hushika lile la kwanza, na likifungwa kikao kinakufa. Fungua programu kwanza, kisha fungua kikao cha Root, tafuta dirisha kuu, uunganishe kwa namba yake kupitia `appTopLevelWindow`. Toleo lake thabiti la 1.2.1 ni la mwaka 2020, na msimbo wa seva yake haujafunguliwa kwa umma. Kwa mradi mpya ningeegemea FlaUI au pywinauto, ambazo msimbo wake uko wazi kusomwa.

*Linategemea nini.* Ubora wa mti wenyewe, pamoja na zile haki nilizozitaja juu. Jambo moja dogo: zana inapobofya kwa kutuma amri ya Invoke, kipanya hakisogei, hivyo Windows inaweza kuona kompyuta haitumiki na kuzima au kufunga skrini katikati ya kazi. Ongeza muda wa kuzima skrini, kwa umeme na kwa betri, maana mipangilio hiyo ni miwili tofauti.

*Gharama ya kuanza.* Ya wastani. Pywinauto inasanikishwa bila haki za msimamizi. WinAppDriver itakuhitaji uzungumze na anayesimamia mashine, na kwa anayefanya kazi ofisini hilo ni jambo la kupanga mapema.

*Matunzo.* Mepesi ikiwa kila kipengele kina kitambulisho, mazito ikiwa unatafuta kwa maandishi au kwa nafasi kwenye mti.

*Linamfaa nani.* Mwenye programu ya Windows ya WPF, WinForms au SWT, hasa anayeweza kumwomba msanidi aongeze vitambulisho. Na kuna faida ninayoithamini kuliko zote. Kitufe kisichoonekana kwa jaribio hili, mara nyingi hakionekani pia kwa mwanafunzi asiyeona anayetumia NVDA. Ukikirekebisha ili jaribio lipite, umemfungulia na yeye mlango.

Njia ya tatu: kuingia ndani ya programu

Hapa jaribio linaishi pamoja na programu, au linaongea na wakala aliyewekwa ndani yake. SWTBot inajua kitufe cha SWT ni nini, inajua mwonekano (view) na mtazamo (perspective) wa Eclipse ni nini. Remote Robot inatumia programu-jalizi ya seva ndani ya IntelliJ. ExTester ya Red Hat inaiendesha VS Code kupitia Selenium na ChromeDriver.

*Likifeli linasema nini.* Mengi kuliko zote. SWTBot itakwambia WidgetNotFoundException pamoja na sifa ilizokuwa ikitafuta, inakuonyesha mlolongo wa miito hadi mstari wa jaribio lako, na ukitumia kiendeshaji chake cha JUnit, maktaba ya majaribio ya Java, inahifadhi picha ya skrini kwenye folda ya `screenshots`. Anza na picha hiyo kabla ya kusoma mlolongo. Mara kadhaa utaona kidirisha cha kosa kimekaa juu ya kila kitu, na shida imekwisha fahamika.

Magonjwa yake ya kawaida ni matatu. Muda wa kusubiri kwisha, nimeshalieleza. La pili ni uzi (thread). Jaribio la SWTBot halitakiwi kuendeshwa ndani ya uzi wa kiolesura, kwa sababu likifungua kidirisha kinachosubiri jibu, uzi huo unashikwa na jaribio haliwezi tena kuendelea kukibofya. Kila kitu kinaganda, hakuna ujumbe. Ukijenga kwa Tycho, nyongeza ya Maven ya kujengea programu za Eclipse, hakikisha `useUIHarness` ni `true` na `useUIThread` ni `false`. Kinyume chake, ukigusa kipengele cha SWT moja kwa moja kutoka kwenye jaribio utapata "Invalid thread access". Kipitishe kwenye `syncExec`, inayopeleka kazi kwenye uzi wa kiolesura. La tatu ni "Widget is disposed": ulishika kitu, dirisha likafungwa na kufunguliwa tena, na wewe bado umeshika cha zamani. Kitafute upya kila unapokihitaji badala ya kukihifadhi kwenye kigeu juu ya darasa.

Kwa Remote Robot, wakati IDE ya majaribio iko wazi, fungua kivinjari kwenye 127.0.0.1 kwa mlango uliouweka. Mifano mingi hutumia 8082. Utaona mti mzima wa vipengele vya Swing, na unaweza kujaribu XPath yako, yaani maelezo ya kutafutia kipengele kwenye mti, humohumo. Kwa IntelliJ, huo ndio msaada mkubwa zaidi wa kutafuta kosa.

Sasa udhaifu, maana njia hii husifiwa sana. SWTBot kwa sehemu kubwa haisogezi kipanya. Inatuma matukio moja kwa moja kwa kitufe. Inaangalia kama kitufe kimewashwa, lakini haiangalii kama mtu angeweza kukifikia. Kitufe kilichofunikwa au kilichosukumwa nje ya dirisha kwenye skrini ndogo kitabofywa, na jaribio litapita. Kwa hiyo kupita kwake kunathibitisha kwamba kitufe kinafanya kazi. Kwamba kinaonekana ni habari nyingine.

*Linategemea nini.* Kidogo sana mwonekano wa skrini, ingawa skrini lazima iwepo. Linategemea sana toleo. ExTester inataka ChromeDriver inayoendana na toleo la VS Code. Wenye programu za Electron waliokuwa wakitumia Spectron walilazimika kuhama ilipositishwa rasmi tarehe 1 Februari 2022, wengi wakaenda Playwright au WebdriverIO; na huo upande wa Electron ndani ya Playwright bado unatajwa kuwa wa majaribio.

*Gharama ya kuanza.* Kubwa. Unapakua IDE nzima na vifurushi vyake, na wakati wa majaribio unakuwa na IDE mbili wazi kwa mpigo; laptopu ya GB 4 itahema. Mkiwa kikundi, mmoja apakue kwenye intaneti ya chuo au ofisi, wengine wachukue folda ya `.m2`, ambamo Maven huhifadhi vifurushi, kwa flashi, kisha mjenge kwa `mvn -o` bila kugusa bando.

*Matunzo.* Mepesi baada ya kuanza, mkiwa na vitambulisho. Kwenye SWT unakibandika kitufe kwa `setData("org.eclipse.swtbot.widget.key", "kitufe-maliza")`, na jaribio linakiita kwa `buttonWithId("kitufe-maliza")`. Lugha ya kiolesura ikibadilika, jaribio halijui.

*Linamfaa nani.* Mwenye msimbo wa programu-jalizi, atakayeitunza kwa muda mrefu.

Uchague kwa hali yako

Mradi wa mwaka wa mwisho, programu-jalizi ya Eclipse, muda wa muhula mmoja: SWTBot kwa mitiririko mikuu michache, na mantiki iliyobaki uipime kwa JUnit ya kawaida bila kufungua dirisha. Usijaribu kubofya kila menyu. Kila jaribio la kiolesura unaloweza kulishusha chini likawa la kawaida, lishushe.

Kama kihariri chako ni cha kuchora michoro ndani ya Eclipse kwa GEF, maktaba yake ya vihariri vya michoro, mti wa Windows utaona turubai moja tu. SWTBot ina tawi lake la GEF la kushughulikia umbo na mistari. Ongeza picha moja au mbili za kuhakikisha mchoro umetokea kama ulivyotakiwa.

Ofisini, programu ya Windows iliyonunuliwa au kurithiwa, hakuna msimbo, huna haki za msimamizi: fungua na pywinauto upande wa `uia`, uone mti unasema nini. Vipengele vikionekana, baki hapo. Ikiwa ni paneli tupu, nenda kwenye picha, na uweke mashine moja maalumu kwa kazi hiyo.

Programu-jalizi ya IntelliJ: Remote Robot, au mfumo mpya wa JetBrains wa Starter na Driver kama unaanza sasa. Njia ya pili usiipotezee muda. Kwa VS Code, ExTester, na mfungie toleo moja la VS Code hadi mtakapoamua wenyewe kupanda.

Programu yenye kiolesura cha Kiswahili itakayotumiwa na watu wa uwezo tofauti: njia ya pili au ya tatu kwa vitambulisho, kisha mzunguko mdogo wa picha kwa vidirisha vyenye maandishi marefu, kwenye skrini ya 1366 kwa 768, kwa kuwa ndiyo iliyo mezani kwa wengi.

Na ukiwa tayari una majaribio yanayofeli leo na hujui uanzie wapi, usihame kwanza. Yaendeshe mara kadhaa mashine ikiwa kwenye umeme, eneokazi wazi, muda wa kusubiri umeongezwa, picha ya skrini ikihifadhiwa kila yanapofeli. Yale yatakayofeli kila mara mahali palepale, shuku programu. Yanayofeli leo na kupita kesho, shuku kusubiri na mashine. Yakifeli mara tu baada ya kusasisha IDE, linganisha matoleo kabla ya kitu kingine chochote.